Hodi na Mpaka wa Mwenzio: Adabu katika Maisha ya Pwani ya Tanga na Pangani

Neno adabu katika Kiswahili lina nyuso mbili. Mtu mwenye adabu ni mtu wa mwenendo mwema. Mtu aliyetiwa adabu ni mtu aliyeadhibiwa. Wapo wanaouchukua uso huu wa pili kuwa ndio kiini, wakahitimisha kwamba adabu ya pwani ni chombo cha wakubwa cha kuwanyamazisha wadogo. Mhadhara huu unatetea mtazamo mwingine: kwamba kazi ya kwanza ya adabu ni kuulinda mpaka wa mwenzio, awe mkubwa au mdogo.

Mfano ulio wazi kabisa ni hodi. Hodi hupigwa nje, kabla jicho la mgeni halijaona kilichomo ndani. Haielezi jambo lolote, wala maana yake haitimii mpaka aliyemo ndani aitikie karibu. Asipoitikia mara ya tatu, mgeni huondoka, na hana haki ya kununa. Mizizi ya desturi hii katika dini inajulikana. Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, inaamrisha kuomba idhini, na kurudi mtu anapoambiwa arudi. Lakini lililo muhimu kwa mwanaisimu ni kwamba uamuzi umewekwa mikononi mwa anayejibu. Mtoto aliyeachwa peke yake nyumbani aweza kumsimamisha mzee wa mtaa mlangoni kwa maneno mawili tu: "Baba hayupo." Baraza nayo, ile sehemu ya kukaa iliyo mbele ya nyumba, inamwezesha mwenyeji kumkirimu mgeni pasipo kumfungulia nyumba yake.

Kuhusu shikamoo, hoja ya wapinzani ina nguvu zaidi, na haifai kufichwa. Asili yake ni kushika miguu, na katika karne ya 19 ilikuwa salamu ya mnyonge kwa mwenye nguvu, mtumwa kwa bwana wake akiwamo. Hata hivyo, matumizi yameigeuza. Leo Tanzania nzima huitoa kwa kufuata umri, na tajiri kijana humwamkia mchuuzi mzee wa samaki. Tena inamfunga anayepokea: mzee asiyeitikia marahaba ndiye anayeonekana hana adabu.

Uzito wa mipaka hii ulidhihirika Pangani mnamo Agosti 1888. Mwezi Aprili mwaka huo Sultani wa Zanzibar alikuwa ameikodisha pwani kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na wakala wake mjini Pangani, Emil von Zelewski, alitaka bendera ya kampuni ipandishwe. Masimulizi ya siku zile yanaeleza kwamba, wakati wa sikukuu ya Idi, Wajerumani waliingia msikitini na viatu miguuni, na mbwa pamoja nao. Vita vilivyofuata, ambavyo Abushiri bin Salim aliviongoza hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889, havikuzuka kwa ajili ya viatu peke yake. Ushuru, biashara na mamlaka vilikuwamo, na mwanahistoria anayevisahau hakosei kidogo. Lakini mkataba wa ushuru wengi hawakuusoma. Kiatu ndani ya msikiti kila mtu alikielewa siku ile ile: mgeni huyu hakupiga hodi, wala hakukusudia kungoja jibu. Kisha yeye ndiye aliyejiona ana haki ya kuwatia wenyeji adabu. Hapo zile nyuso mbili za neno zilitengana kabisa.

Katika miaka ya karibuni mlango umebadilika. Simu ya mkononi huingia chumbani, mezani, hata kitandani kwa mgonjwa, bila baraza wala kizingiti. Wazee wengi hulalamika kwamba vijana wameitupa adabu, na lalamiko hilo lina ukweli wake. Lakini jambo moja lastahili kuangaliwa na watafiti wa lugha: kijana wa Ngamiani au Chumbageni, kabla ya kumpigia mtu anayemheshimu, aweza kumwandikia kwanza, "Samahani, naweza kupiga?", kisha akangoja. Asipojibiwa, hapigi.