Tulipigana Utotoni, Tupatane Ukubwani

Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kitale na Bungoma



Leo tunataka tuongee juu ya jambo ambalo katibu haliandiki katika kitabu cha mkutano, lakini linavunja vikundi. Ni ugomvi wa zamani.

Sisi sote tulipigana tukiwa watoto. Tulipigania mapera, tukapigana machungani, tukapigana kisimani kwa ajili ya foleni ya madebe. Lakini ugomvi ule haukukaa. Kesho yake tulihitajiana, maana mpira wa makaratasi hauchezwi na mtu mmoja.

Halafu yakaja mapigano ya kikabila ya 1991 na 1992. Huku Trans Nzoia na kule Mlima Elgon nyumba zilichomwa, mifugo ikachukuliwa, watu wakalala makanisani na sokoni. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilionyesha jinsi siasa ilivyochochea moto huo. Watoto hawakuuwasha, lakini waliubeba. Mtoto wa Kibukusu na wa Kisabaoti waliokaa dawati moja waliambiwa nyumbani, "Yule si mwenzako." Tena kuanzia 2006 hadi 2008 Mlima Elgon uliumia kwa sababu ya mashamba ya Chepyuk, na safari hiyo hata watu wa lugha moja walifukuzana.

Watoto wa 1992 leo wamepita miaka arobaini. Ndio wenyeviti na waweka hazina wetu. Tuchukue mfano wa akina mama wawili katika kikundi kimoja. Wanasalimiana vizuri, wanatoa mchango. Lakini mmoja akiomba mkopo, mwenzake hakubali kumdhamini. Wengine wanasema ana roho mbaya. Kumbe anakumbuka ng'ombe wa baba yake aliyeonekana katika boma la jirani. Salamu wanayo, lakini amani bado.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tusianzie mkutanoni. Mathayo sura ya 5 inatufundisha kwamba kupatana na ndugu kunatangulia sadaka, na sura ya 18 kwamba tumwendee tukiwa wawili tu. Mbele ya watu mtu hujitetea. Peke yake anaweza kusikiliza.

Pili, jambo litajwe kwa jina lake. Kusema "tusahau yaliyopita" ni rahisi kwa yule ambaye hakupoteza kitu. Aliyeumia aongee mpaka amalize, asikatizwe.

Tatu, kama kuna kitu cha kurudisha, kirudishwe. Pengine yule ng'ombe alishakufa zamani, na waliomchukua ni marehemu. Hata hivyo ndama mmoja, au siku chache za kulima pamoja, huonyesha kwamba maneno si ya mdomo tu. Wazee wa pande zote mbili washuhudie. Fedha za kikundi zisiguswe kwa kazi hii.

Nne, tujue mipaka yetu. Kikundi hakiwezi kuamua kesi ya mauaji wala kugawa shamba lenye hati. Hayo yana mahakama na ofisi ya ardhi.

Tano, tusimlazimishe mtu kusamehe ili kikundi kipate msaada wa wafadhili. Msamaha wa namna hiyo huisha siku pesa zinapoisha.

Na watoto wetu wakirudi kutoka shule wamepigana, tuwaulize nani alianza na kwa nini, wala tusiwaulize yule mwingine ni wa kabila gani. Swali hilo la pili ndilo lililotufikisha tulipofika.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Je, kuna wanachama wetu wasioweza kudhaminiana? Tunafahamu sababu?
2. Ni nani anayeaminiwa na pande zote mbili?
3. Watoto wetu wanasikia maneno gani nyumbani juu ya majirani?

Mungu awabariki, na kazi iendelee.