MBWA HANA CHOO

(Maneno ya Katibu wa Chama kwenye mkutano wa wanaushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Tanzania nzima watu kama milioni 2 walikaa vikundi vikundi kusikiliza redio, kisha wakachimba vyoo. Kazi ile ilikuwa ya maana. Lakini yuko mmoja nyumbani ambaye hakuchimbiwa choo, naye ni mbwa.

Sisi watu wa Bariadi ni wakulima na wafugaji. Mbwa anatulindia ng'ombe. Fisi akija anabweka, mwizi akija anabweka. Kwa hiyo tusimsikie mtu anasema eti mbwa wauawe. Tunachosema ni hiki: mbwa ana vijidudu tumboni, na vijidudu hivyo vinaweza kumwingia mtu.

Vijidudu vyenyewe ni bakteria. Wataalamu wanaviita kampilobakta na salmonela. Jicho haliwezi kuviona. Mbwa anavipata akila matumbo mabichi, mzoga, au kuku aliyekufa. Mara nyingi yeye mwenyewe haugui. Anacheza, amenenepa, kumbe vimo kwenye kinyesi chake. Watoto wa mbwa ndio wanavyo zaidi, na ndio hao hao watoto wetu wanawabeba kutwa nzima.

Wengine watasema, "Mbwa wangu amechanjwa." Vizuri sana, na aendelee kuchanjwa. Lakini sindano ile ni ya kichaa cha mbwa. Haizuii vijidudu vya tumbo.

Njia ya kuingilia ni mdomo. Mtoto anashika mbwa, halafu anashika ugali. Mbwa analamba sufuria, inasuuzwa kwa maji tu, chakula kinapikwa. Mvua inasomba kinyesi hadi lamboni, na sisi tunachota humo humo. Siku 2 hadi 5 baadaye tumbo linakata, mtu anahara, homa inapanda, pengine na damu inaonekana. Mtu mzima mara nyingi anapona kwa muda wa wiki moja. Mtoto mdogo hawezi kungoja wiki. Maji yakimwisha mwilini anaweza kufa.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, kati ya 2016 na 2018, watu zaidi ya 100 katika majimbo 18 waliugua kampilobakta, na wengi walikuwa wamegusa watoto wa mbwa wanaouzwa madukani. Vijidudu vile vilikuwa sugu kwa dawa nyingi. Ndiyo maana tunasema, mtoto akihara tusikimbilie dukani kununua rangi mbili.

Basi, kila kaya ifanye haya:

1. Kibuyu chirizi kiwepo chooni na jikoni. Tunawe kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kushika mbwa. Kama sabuni hakuna, tutumie majivu.

2. Mbwa awe na chombo chake. Asilambe sufuria wala sahani.

3. Kinyesi cha mbwa kizolewe kwa jembe kila asubuhi, kitupwe chooni au kifukiwe mbali na maji.

4. Tukichinja, matumbo yasitupwe ovyo. Mbwa apewe yaliyopikwa.

5. Maji ya kunywa yachemshwe. Kuku naye aive vizuri, maana vijidudu hivi anavyo pia.

6. Mtoto akihara apewe ORS, aendelee kunyonya na kula, apelekwe zahanati. Akihara damu, apelekwe siku hiyo hiyo.

Msimu wa pamba ukifika tunashinda pamoja ghalani, tunakula hapo hapo, na mbwa wetu wako miguuni. Kwa hiyo ndoo ya maji na sabuni vikae mlangoni pa ghala, na kila mtu anawe kabla ya kushika chakula, kiongozi na mwanachama sawa sawa.

Mtu ni afya!