Kupe wa Mbwa na Mayai Yake

Mbwa wa chuo chetu alipokufa, mkojo wake ulikuwa mwekundu na ufizi wake mweupe. Wanafunzi wakasema, "Jirani amemtilia sumu." Nasi walimu, kwa aibu yetu, hatukuwakanya. Siku ya tatu jirani yule akaja na mbwa wake mwenyewe, naye yu katika hali ile ile. Mganga wa wanyama akatwaa tone la damu ya sikio, akalitazama kwa hadubini, akatuonyesha vijidudu viwili viwili ndani ya chembe nyekundu za damu. Hivyo ndivyo vilivyozivunja chembe hizo, na wekundu wake ukatoka kwa mkojo.

Je, viliingiaje? Jambo hili lilichunguzwa kwa saburi kubwa katika Koloni la Cape, Afrika ya Kusini, na Bwana Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa serikali, aliyetangaza matokeo mwaka 1901. Alitwaa kupe majike walioshiba damu ya mbwa wagonjwa, akawaacha watage mayai. Watoto wao, wenye miguu sita, akawaweka juu ya mbwa wasio na maradhi, mbwa hawakuugua. Watoto wakashiba, wakajivua ngozi, wakapata miguu minane. Akawaweka tena juu ya mbwa, wala hawakuugua. Mtu wa haraka angalifunga daftari hapo, akasema kupe hana hatia. Yeye akangoja wajivue mara ya pili. Ndipo kupe hao, sasa wakubwa, walipowauma mbwa, nao wakaugua. Maradhi yalikuwa yametoka kwa mama, yakapita katika yai, yakanyamaza mpaka ukubwani. (Ndigana kali ya ng'ombe si hivyo, hiyo haipiti katika yai.)

Kupe wa jamii hiyo wako hata Afrika ya Mashariki. Kwa kawaida hawaambukizi papo hapo wanapouma. Vijidudu huhitaji siku moja au mbili vipate kukomaa mdomoni mwao. Kwa hiyo kila jioni twampekua mbwa wetu mpya masikioni, makwapani na kati ya vidole, na kupe twamshika karibu na ngozi, tukamvuta polepole bila kumpasua.

Mbwa wa jirani alichomwa sindano mapema, akapona. Tulikwenda walimu wanne kumwomba jirani radhi. Akatupa viti, akauliza kama twataka mtoto wa mbwa.