Kompyuta Iliyofungwa kwa Neno la Siri

Leo wekeni madaftari karibu, lakini msiandike kwanza, sikilizeni. Kiongozi wa darasa, andika ubaoni maneno haya: NENO LA SIRI. Wako wanaoliita nywila, na vijana husema paswedi. Yote ni kitu kimoja.

Nazungumza hasa na darasa la Bagara, mjini Babati, walioniletea barua. Wasema kwamba kikundi chao cha kuweka na kukopa kilichanga shilingi 350,000, wakanunua kompyuta ya mtumba kwa mtu aliyeileta kutoka Arusha, ili hesabu za kikundi ziwekwe humo badala ya daftari linaloliwa na panya. Walipoiwasha ikatokea picha ya mtu wasiyemjua, na chini yake kisanduku kinachodai neno la siri. Wamejaribu 1234. Wamejaribu jina la muuzaji. Wamejaribu hata neno Babati. Haifunguki. Kijana mmoja ataka shilingi 40,000 ati aivunje kufuli, na wanachama wameanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya. Wauliza: tumpe kijana huyo fedha, au tusimpe?

Nawajibu: msimpe bado. Sababu yenyewe yataka maelezo.

Neno la siri halikutungwa ili kuwasumbua wanunuzi wa mitumba. Miaka ya mwanzo ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, kompyuta moja kubwa ilitumiwa na watu wengi. Fernando Corbató na wenzake wakampa kila mtu neno lake, ili afungue kazi zake mwenyewe asifungue za jirani. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja wa pale pale, Allan Scherr, aliona saa alizopewa kutumia mashine hazimtoshi, akaiagiza mashine imchapie orodha nzima ya maneno ya siri ya wenziwe. Kwa hiyo hata kuvunja kufuli si jambo la juzi.

Lakini tazameni kile kisanduku kinauliza nini. Hakiulizi, "Nani amelipa?" Chauliza, "Je, wewe ndiye ninayekujua?" Ninyi mmenunua chombo. Ndani ya chombo huenda zimo barua za mtu, picha za watoto wake, na hesabu zake za benki. Ni kama kununua sanduku la bati mnadani, ukafika nyumbani ukaona limejaa hati za mwingine. Sanduku ni lako. Hati si zako.

Basi kazi ya kwanza ni kumtafuta muuzaji, siyo fundi. Mpigieni simu leo. Kama aliitumia mashine hiyo mwenyewe, atawatajia neno, au atakuja, atoe vitu vyake na kuifuta mbele yenu. Kama aliinunua kwa jumla, katika mizigo ya kompyuta za maofisi ya Ulaya au za Ghuba, huenda hajui neno lolote, na hilo peke yake halimfanyi mwizi. Awaonyeshe tu risiti yake, au awaambie aliitoa wapi. Lakini akizima simu, akikasirika, au akiwaambia, "Msiniulize ilikotoka," hapo simameni. Msiifungue, msiifute. Ichukueni pamoja na maandishi yoyote mliyopeana, mwende kwa mwenyekiti wa mtaa na kisha polisi. Mkiifuta mtakuwa mmefuta ushahidi wenu wenyewe.

Sheria nayo haiko mbali na jambo hili. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, yamkamata mtu anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yakataza mtu kuingia katika kompyuta kwa makusudi na bila haki. Sisemi haya kuwatisha. Nasema ili mweka hazina awe na jibu wanachama wakimwuliza kwa nini hakumlipa yule kijana siku ile ile.

Haya, tuseme muuzaji amepatikana, mambo yake ni safi, ila neno halijui. Sasa ndipo tutazame kufuli lenyewe. Sanduku lenu la fedha la kikundi nadhani lina makufuli matatu, na funguo zake huwekwa na watu watatu. Kompyuta nayo yaweza kuwa na makufuli zaidi ya moja, na kila moja lina dawa yake. Mafundi wengi hawaelezi hili. Hutaja bei tu.

Kufuli la barua yenu, lenye picha ya mtu na jina lake, ni kufuli la Windows. Hili ndilo jepesi kuliko yote. Hakuna haja ya kulivunja wala kubahatisha neno. Mashine hufutwa yote na kuanzishwa upya, kama nyumba inayopakwa chokaa kabla ya mpangaji mpya kuingia. Katika Windows 10 na 11 njia imo ndani ya mashine yenyewe: pale pale kwenye kisanduku, bonyezeni alama ya kuzimia, kisha shikilieni kibonye kilichoandikwa Shift huku mkichagua neno Restart. Itakuja orodha. Humo chagueni Troubleshoot, halafu Reset this PC, halafu Remove everything, yaani ondoa vyote. Chomekeni chaja tangu mwanzo, kwa maana kazi hii yaweza kupita saa nzima, na betri za mtumba mwazijua.

Njia hiyo ikikataa, fundi atapiga Windows upya kwa flashi ya GB 8 iliyotengenezwa kwenye kompyuta nyingine. Huenda mashine ikaonyesha maandishi ya kudai ufunguo wa tarakimu 48. Msishtuke. Maana yake ni kwamba vitu vya mwenye zamani vimefumbwa, na bila ufunguo huo havisomeki tena. Lakini flashi yaweza kufuta diski hiyo na mashine ikafanya kazi. Vitu vyake vimepotea, chombo chenu kimepona. Tena, mashine iliyokuwa na Windows 10 au 11 halali kwa kawaida hutambuliwa yenyewe ikiunganishwa na intaneti, mradi Windows iliyopigwa ni ya aina ile ile. Fundi akitaka fedha nyingine za kununua ufunguo wa Windows, mwulizeni kwanza kama amejaribu kuiunganisha.

Kufuli la pili ni gumu. Hili hutokea mara mtu anapowasha tu, kabla ya alama ya Windows, mara nyingi kwenye kioo cheusi. Limo katika ubao mkuu wa mashine, wala si katika diski, kwa hiyo kupiga Windows hakuligusi. Zile kompyuta kubwa za mezani za zamani, mara nyingi fundi akitoa kibetri kidogo cha duara kwa muda, neno husahauliwa. Kwa laptopu za siku hizi ujanja huo haufai. Mwenye kuweza kusaidia ni kampuni iliyoitengeneza, nayo hutaka uthibitisho wa ununuzi.

Na liko la tatu, ambalo mimi naliogopa zaidi kwa niaba ya wanunuzi, kwa sababu halionekani dukani. Mashine nyingi za Apple za tangu mwaka 2018 zaweza kufungwa kwa akaunti ya mwenyewe, na hata zikifutwa zitamwuliza yeye. Kadhalika kompyuta za makampuni: mwaipiga Windows, mwafurahi, mwaiunganisha na intaneti, mara latokea jina la kampuni ya nchi nyingine likitaka mfanyakazi wake aingie. Hapo kampuni hiyo haijaiondoa mashine katika orodha yake. Ni yenyewe tu iwezayo kuiondoa, nayo hufanya hivyo kwa mbali, bila kuigusa. Muuzaji asipoweza kuwapata, rudisheni mashine mdai fedha. Msimlipe mtu ajaribu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Bagara, kama muuzaji yu safi, mlipeni fundi kwa kazi ya kuifuta na kupiga Windows, wala si ya kuvunja. Mweka hazina aketi karibu mpaka imalizike. Mwulizeni pia kama mashine yaweza kubeba Windows 11, kwa maana msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Isipoweza, Ubuntu hutolewa bure, na hesabu za kikundi zitaandikika humo vizuri tu. Neno lenu jipya liandikeni kwenye karatasi, litieni katika bahasha, bahasha iingie katika lile sanduku la makufuli matatu. Mtu mmoja asilibebe kichwani peke yake. Watu husafiri, na watu hufa.

Sasa shikeni kalamu. Kiongozi wa darasa asome polepole, kila mmoja aandike hati hii, na nafasi zilizo wazi aziache hivyo hivyo:

"Mimi .......... nimemwuzia .......... kompyuta aina ya .........., namba ya mashine .........., kwa shilingi ........... Nimeiwasha mbele yake na kuiunganisha na intaneti. Vitu vyangu nimevitoa, na neno langu la siri nimeliondoa. Tarehe ........... Sahihi ya muuzaji ........... Sahihi ya mnunuzi ........... Shahidi ..........."

Namba ya mashine mara nyingi huandikwa chini, tumboni mwa laptopu, kwa herufi ndogo sana. Mwenye miwani aisome, na mtu wa pili aihakiki herufi kwa herufi kabla ya fedha kutoka mkononi.