Mwendo Tunaoumudu: Mazungumzo na Wakazi wa Tassia

Nakala ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi, kuhusu afya ya mwili na akili

Najua Jumamosi hapa Tassia ni siku ya kufua na kujaza mitungi ya maji, kwa hivyo sitawachelewesha.

Nianze na yangu. Kazi yangu ni kuandika taarifa za kaunti. Mwaka jana niliandika makala kuhusu umuhimu wa kupumzika, nikaimaliza saa 7 usiku nikiwa kitandani na simu mkononi. Kesho yake jioni binti yangu wa miaka sita alinisimulia kisa kirefu cha shuleni. Alipomaliza akaniuliza, "Baba, nimesema nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeketi mbele yake, lakini akili ilikuwa bado ofisini. Hakulia wala hakulalamika. Alichukua begi lake akaenda kumsimulia mama yake. Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nimechoka kupita kiasi.

Naamini wengi wenu mnanielewa. Saa 11 alfajiri Outer Ring Road ina watu tayari. Kuna anayewahi zamu Industrial Area, kuna mama mboga anayetoka sokoni na magunia, na kuna mwendesha bodaboda ambaye hajalala vizuri tangu jana. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Lakini kodi ina tarehe yake, na landilodi hangoji methali. Sikuja kuwaambia mpunguze kazi. Nimekuja kuuliza: ndani ya haraka hiyo, tunaweza kupata wapi dakika 15 za kutulia?

Mtu akiwa na wasiwasi kila siku, mwili hukaa kama unaojiandaa kukimbia hatari. Moyo hupiga kwa kasi, misuli ya shingo na mabega hukaza, usingizi hukatika. Tukivuta pumzi polepole na kuitoa kwa muda mrefu zaidi ya tulivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua na mwili hupata ujumbe kwamba hatari imepita. Yoga hutumia njia hiyo: pumzi ya taratibu, kunyoosha viungo, na kuielekeza akili mahali pamoja.

Najua wengine wanasema yoga ni ya matajiri. Hapa Nairobi tuna mfano tofauti. Mwaka 2007 Mmarekani Paige Elenson alianzisha Africa Yoga Project katika jiji hili. Shirika hilo limewafunza vijana wa mitaa kama Kibera kuwa walimu wa yoga, wakapata ujuzi na kipato, nao wakapeleka mafunzo shuleni, magerezani na mitaani. Umoja wa Mataifa nao uliamua mwaka 2014 kwamba Juni 21 iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga.

Swali la pili ni la imani. Ni kweli, yoga ilitoka India na ina mizizi katika dini za huko. Sitaficha hilo. Wengi leo huifanya kama mazoezi tu, bila ibada yoyote. Anayeona haimfai aliache jina hilo, anyooshe viungo, avute pumzi, na atafakari au aombe kwa namna ya dini yake.

Huhitaji vifaa. Mkeka au leso mbili zinatosha, na chumba kimoja kinatosha. Jaribu hivi jioni:

Kwanza, keti, uvute pumzi ukihesabu hadi 4, uitoe ukihesabu hadi 6. Rudia kwa dakika 5.

Pili, piga magoti, kalia visigino, uiname mbele mpaka paji la uso liguse mkeka, mikono ikiwa mbele. Mgongo uliobeba mzigo mchana kutwa utakushukuru.

Tatu, lala chali karibu na ukuta, uegemeze miguu juu. Hili linawafaa wanaosimama kutwa dukani au kiwandani.

Mjamzito, mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa macho au maumivu ya mgongo amuulize kwanza mhudumu wa afya. Na ukihisi maumivu, acha.

Kisha jiulize maswali matatu kabla ya kulala: Leo nguvu zangu zimeishia wapi? Nani alizungumza nami nisimsikie? Kesho ni jambo gani moja linaloweza kungoja? Mimi huandika majibu kwenye daftari, na simu hubaki mezani.

Sasa niseme ukweli mwingine. Pumzi haitalipa kodi, na yoga si tiba ya kila kitu. Ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa, ukipoteza hamu ya maisha, au ukiwaza kujidhuru, usijifungie nyumbani. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi, kwa hivyo zidai kama haki yako. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Unaweza pia kupiga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo.

Nina ombi moja kwa wenye majengo na wasimamizi wao. Paa zetu zina kamba za nguo na hewa safi. Palipo na ukuta imara wa kuzuia watu wasianguke, wafungulieni wapangaji saa moja Jumapili asubuhi wanyooshe viungo pamoja. Majirani wanaofahamiana kwa majina hutambua mapema mmoja wao anapozama katika mawazo.

Bado kuna siku ninazochelewa kazini. Lakini binti yangu akinisimulia kisa, sasa naweza kukirudia. Wiki hii kilihusu paka wa shule, na nilikisikiliza hadi mwisho.