Fungu la Visu na Tupa Lisipunguzwe
(Hotuba iliyotolewa kwenye harambee ya mwaka)



Nimeombwa niseme machache kuhusu bajeti ya karakana. Mimi ni mhasibu, sijui kukereza. Ila nilipokuwa nyumbani nilikaa na fundi wetu kutwa nzima, nikamuuliza kila mstari wa orodha yake unanunua nini, na alinivumilia.

Mashine ya kukereza tuliyoichangia imefungwa kwenye zege na inazunguka vizuri. Lakini kinachokata chuma ni kisu kidogo, si kikubwa kuliko kidole, kinachobanwa mbele yake. Sasa kuna pendekezo kwamba, kwa kuwa fedha hazitoshi, tupunguze fungu la “vifaa vidogo”. Naelewa. Mtu akitoa mashine, jina lake huandikwa ukutani. Hakuna anayeandikwa jina kwenye tupa. Lakini tukilipunguza fungu hilo, tutakuwa na mashine ya kupigia picha.

Visu ni vya aina mbili. Kuna vya chuma cha hai-spidi, ambacho Wamarekani Frederick Taylor na Maunsel White walikionyesha Paris mwaka 1900, watu wakashangaa kuona kisu kikiendelea kukata huku ncha imekuwa nyekundu kwa joto. Halafu kuna kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi. Kwa chuma laini, hai-spidi hukata kwa mwendo wa mita 30 hivi kwa dakika, na kabaidi huweza kuzidi mara tatu ya hapo. Mhasibu akisikia hivyo huandika kabaidi. Fundi akanizuia. Kabaidi inataka mashine yenye nguvu na isiyotikisika. Yetu ni ya mtumba, ina mchezo kidogo, na kwa mtikisiko kabaidi humeguka. Tena jiwe la kawaida la kijivu haliinoi. Hai-spidi ikiwa butu, kijana anainoa mwenyewe kwenye grainda, na kisu kimoja hunolewa mara nyingi sana. Kwa hiyo orodha ina hai-spidi kwa wingi, grainda moja, na vipande vichache vya kabaidi kwa ajili ya chuma cha kusubu chenye ganda gumu. Nimeipitia na naiunga mkono. Na grainda msiifute, maana bila hiyo visu vyote ni vyuma vya kushikia karatasi.

Sasa mabomba, ambayo yanatugusa zaidi kwa sababu ya mradi wa maji.

Bomba la chuma la nusu inchi lina tundu la milimita 16 hivi. Ukilikata kwa kikata bomba chenye gurudumu, gurudumu halitoi chuma, linakisukuma. Mkato wa nje unapendeza, lakini ndani unabaki mdomo mkali uliojikunja. Tuseme mdomo huo ni milimita 1 tu kuzunguka pande zote. Tundu la 16 limekuwa 14, na nafasi ya maji kupita hapo imepungua kwa karibu robo. Hayo ni ya mkato mmoja. Hesabuni viungio kutoka tangi hadi shuleni. Takataka nazo hunasa papo hapo.

Dawa yake ni rima, kifaa chenye umbo la pia kinachozungushwa kwa mkono ndani ya bomba mpaka mdomo uishe. Kama haipo, tupa ya nusu duara inafanya kazi hiyo, polepole. Msumeno wa chuma nao huacha kingo kali, na hapo blade ina maneno yake: kwa bomba jembamba chukua yenye meno 24 au 32 kwa inchi. Ya meno 18 ni ya chuma kinene. Kwenye bomba meno hunasa na kung’oka.

Kuhusu bei, natoa mfano tu. Blade ya shilingi 3,000 ikikata mabomba 10, kila mkato ni shilingi 300. Ya shilingi 8,000 ikikata 40, kila mkato ni 200. Kwa hiyo kamati ya manunuzi, tafadhali msiniletee nukuu ya bei peke yake. Niambieni na kazi iliyofanyika.

Jambo moja la usalama limo pia kwenye orodha, na lisichekwe: mipini ya tupa. Tupa isiyo na mpini, ikigongwa na chuma kinachozunguka, mkia wake huingia kiganjani. Vijana wanaofundishwa pale ni watoto wetu.

Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, na fungu hili lina mstari wake. Anayetaka kutoa kifaa badala ya fedha anakaribishwa, lakini ampigie fundi kwanza kabla ya kununua. Kishikio cha mashine yetu kinapokea kisu kisichozidi milimita 12. Cha 16 hakitaingia hata tukikibembeleza.