Kumchagulia Dume Mbwa Jike wa Kazi

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo juu ya mbwa wa aina ya Labrador wafanyao kazi pamoja na wawindaji wa Uingereza, na jinsi wenye mbwa hao wanavyowachagulia majike yao madume.

Mfugaji wa ng'ombe aijuaye kazi yake hampeleki ng'ombe wake kwa dume lo lote lililo karibu. Huuliza kwanza mama wa dume hilo alitoa maziwa kiasi gani, na ndama wake wamekuwaje. Kituo cha mbegu za ng'ombe kilichoanzishwa Kabete mwaka 1946 kimewazoeza wafugaji wengi wa Kenya kuuliza maswali hayo. Lakini kwa habari ya mbwa, watu wengi hudhani kuwa mbwa ni mbwa tu. Wenye mbwa wa kazi wa Uingereza hawadhani hivyo, na sababu zao zafaa kusikiwa na kila mfugaji.

Asili ya mbwa huyu

Labrador ni jina la nchi iliyo Kanada, lakini babu za mbwa hawa walitoka katika kisiwa cha Newfoundland, ambako wavuvi waliwatumia kuvuta kamba na nyavu majini. Mwanzoni mwa karne ya 19 meli za samaki ziliwaleta hata bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Huko mabwana wenye mashamba makubwa waliona kuwa mbwa apendaye maji na kuchukua vitu kinywani angefaa sana kwa uwindaji wa ndege. Katika miaka ya 1880 Earl wa Malmesbury alimpa Duke wa Buccleuch mbwa wachache wa ukoo huo, na wawili kati yao, Ned na Avon, wanahesabiwa kuwa babu wa Labrador wengi wa leo. Mwaka 1903 Kennel Club, chama cha mbwa kilichoanzishwa London mwaka 1873, kiliwakubali kuwa aina kamili.

Kazi yao ni hii. Mbwa hukaa kimya kando ya mwindaji. Ndege akipigwa na kuanguka, mbwa hukumbuka mahali alipoangukia, wala haondoki mpaka aamriwe. Kisha hupita katika miiba au maji ya baridi, humleta ndege mkononi mwa bwana wake, na nyama ya ndege huyo isiwe imepondwa. Akiwa mbali huongozwa kwa filimbi. Tabia hizi zimewapatia Labrador kazi nyingine pia, kama vile kuwaongoza vipofu na kunusa baruti.

Jike atazamwe kwanza

Mtu atakaye kumchagulia jike wake dume hana budi kuanza nyumbani. Yampasa kuandika, bila kujipendelea, mema ya jike huyo na kasoro zake. Hakuna mbwa asiye na kasoro. Lililo baya ni kuwaoza wawili wenye kasoro moja. Jike mwepesi mwenye moyo mkali, asiyependa kutulizwa, apelekwe kwa dume mtulivu atokaye katika ukoo wa watulivu. Jike anayelialia akingoja zamu yake asipelekwe kwa dume mwenye kelele, maana katika mashindano ya kazi mbwa aliaye hutolewa mara moja. Hutolewa pia yule aondokaye bila amri, akimbizaye wanyama, na aumaye ndege. Waamuzi humshika ndege na kumpapasa mbavu kwa vidole. Zikiwa zimevunjwa kwa meno, mbwa huyo amekwisha shindwa.

Watu wengi hupenda dume aliyetwaa kombe. Kombe ni ushuhuda mzuri, lakini ushindi ni wa mbwa na wa mwalimu wake pia, na mafunzo hayarithiwi. Mwenye busara huenda kuwatazama watoto wa dume huyo waliozaliwa na majike mbalimbali. Ikiwa wengi wao ni watulivu, wanapenda maji, na wana kinywa laini, basi damu yenyewe ni njema. Amtazame mama wa dume pia, kwa kuwa nusu ya urithi wa dume imetoka kwake.

Magonjwa ya urithi

Jambo hili ndilo linalowaumiza watu kuliko yote, kwa maana halionekani kwa macho. Dume aweza kuwa na manyoya ya kung'aa na mwendo mzuri, naye ana ubaya uliojificha ndani yake.

Kwanza ni nyonga. Mbwa akiisha timiza mwaka mmoja hupigwa picha ya eksirei, na mabingwa huipa kila nyonga hesabu tangu 0 mpaka 53. Jumla ya nyonga mbili haizidi 106. Hesabu ikiwa ndogo, nyonga ni njema. Viwiko hupewa daraja tangu 0 mpaka 3, na yafaa dume na jike wote wawili wawe na 0. Mbwa mwenye nyonga mbovu huchechemea angali kijana, na kazi yake huisha kabla ya wakati.

Pili ni magonjwa yanayojulikana kwa kupima mate au damu. Mmoja huua nuru ya macho kidogo kidogo. Mwingine humfanya mbwa kijana kulegea miguu na kuanguka baada ya kukimbia sana. Wa tatu hudhoofisha misuli tangu utoto. Yote matatu hurithiwa kwa njia moja: mtoto haugui mpaka apokee ubaya huo kwa baba na kwa mama pia. Aliyepokea upande mmoja tu huwa mzima maisha yake yote, lakini huuchukua ubaya ule na aweza kuwapa watoto wake.

Wachukuzi wawili wakizaa, kwa wastani mtoto 1 katika 4 atakuwa mgonjwa. Mchukuzi akizaa na aliye safi, hakuna mtoto atakayeugua, ijapokuwa kama nusu yao watakuwa wachukuzi. Kwa hiyo jike mwema aliye mchukuzi hana haja ya kutupwa. Ila dume lake lazima liwe safi kabisa.

Asiyepima huwatwisha wengine gharama. Ugonjwa ule wa macho mara nyingi huonekana mbwa akiwa mtu mzima, amekwisha fundishwa na kuzoewa. Huanza kujikwaa jioni, kisha mchana, na mwisho huwa kipofu. Aliyemwuza amekwisha sahau. Aliyemnunua ndiye aliaye.

Ujamaa wa damu

Vyeti vya nasaba visomwe kwa makini. Dume akizaa na binti yake, hesabu ya ujamaa wa watoto ni asilimia 25. Ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali, 12.5, watoto wa ndugu, 6.25. Hesabu ikipanda, ubaya uliofichika hupata nafasi ya kukutana, na watoto huzaliwa wachache na dhaifu. Tena, kila mtu akimkimbilia bingwa yule yule, baada ya vizazi vichache ni vigumu kumpata mbwa asiye wa jamaa yake.

Kuhusu rangi, iwe nyeusi, ya manjano au ya kahawia, haina kazi shambani.

Kumhurumia jike

Jike ndiye abebaye mzigo, kwa muda wa siku 63 hivi, na kuzaa kwaweza kumwua. Kennel Club haiandikishi watoto wa jike aliyepandwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, wala hairuhusu mizao zaidi ya 4. Wenye busara hungoja zaidi, mpaka wamemwona kazini na majibu ya nyonga zake yamekwisha patikana. Kabla ya kukutanishwa, dume na jike wapimwe na daktari wa wanyama, hasa ugonjwa wa brusela, ambao huharibu mimba na waweza kumwambukiza binadamu. Damu ya jike ikipimwa huonyesha siku zinazofaa, na safari ya bure huepukwa. Malipo nayo yaandikwe mapema, pamoja na lipi litafanyika jike asiposhika mimba.

Mwisho, watoto waweza kuwa 8 au zaidi, na kila mmoja ataka nyumba na kazi. Asiyejua watakwenda wapi asianze. Na asiyempata dume afaaye asimtwae asiyefaa kwa kuwa yu karibu au ni rahisi. Na angoje. Jike atapata joto tena baada ya miezi sita au saba, lakini watoto wabaya wakiisha zaliwa hawarudishwi.